Zamu ya Kusimama

Kila asubuhi, kabla abiria wa kwanza hajavua viatu, lazima mtu mmoja asimame ndani ya mashini. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya kazi katika chumba cha kupekua abiria pale uwanja wa ndege wa Bunia, na sheria yenyewe haikuwa na mlango wa uani. Anayesimama anatia kipande cha shaba mfukoni, anakanyaga alama mbili za nyayo zilizochorwa sakafuni, anainua mikono juu kama mtu aliyekutana na wenye bunduki njiani. Mwenzake anakaa katika chumba kidogo cha nyuma kisicho na dirisha, mbele ya kioo cha kompyuta, anabonyeza kitufe. Picha ikitoka na kile kipande cha shaba kikaonekana, basi mashini ni nzima, mlango ufunguliwe. Na picha yenyewe si ya sura wala nguo. Ni mbavu, nyonga, meno, na chochote ambacho mtu amemeza.

Mashini ililetwa kwa ajili ya dhahabu. Ukikaa Bunia huwezi kuuliza dhahabu inapita wapi, inapita tumboni. Watu wanatoka machimboni Mongbwalu wameshameza vidonge vilivyofungwa kwa nailoni, wanavuka kizuizi cha Iga Barrière wakipiga soga na askari, wanapanda ndege wakitabasamu. Mwezi ule wa kwanza bwana mmoja anayeitwa Mbusa alionekana na punje saba tumboni, nyeupe pee, zimejipanga. Aliapa kwa Mungu wake kwamba ni karanga. Wakamkalisha kwenye kiti, wakampa chai na papai, wakangoja mpaka ukweli ukatoka wenyewe. Bunia ilicheka wiki nzima.

Asubuhi walikuwa wanawake wawili tu, Adèle na Lydie, wote wa kampuni ya ulinzi iliyopewa kazi ile. Walipokezana: leo huyu anasimama kwa ajili ya jaribio, kesho yule. Adèle alikuwa mkubwa, miaka thelathini na minne, mtu wa kusema kidogo. Lydie alikuwa na ishirini na sita, mchangamfu, mwenye koti kubwa la mumewe ambalo halikumtoka mwilini kwa sababu ya baridi ya asubuhi. Alimwita Adèle yaya, kama dada yake mkubwa, na siku za Jumamosi alimletea samaki wa ziwani Tchomia waliofungwa katika gazeti.

Fundi aliyeifunga mashini, kijana wa Kinshasa mwenye maneno matamu, aliwaambia wasiogope. Mionzi ya mashini hii, alisema, haifikii hata ile anayoipata mtu akikaa saa moja angani ndani ya ndege. Adèle alimwamini, maana hakuwa na shule ya kubishana naye. Lakini macho alikuwa nayo. Kila jaribio lilipofanywa, yule fundi alitoka nje, akaenda kusimama nyuma ya ukuta wa matofali, akawasha sigara. Alipomaliza kazi yake alibandika mlangoni karatasi ya njano yenye alama ya hatari, na chefu Zacharie, mkubwa wao, akaibandua siku ileile, eti inatisha wateja.

Chefu Zacharie ndiye aliyekuwa anawatuliza abiria. Picha haina uso, aliwaambia. Aliyeko kwenye chumba cha nyuma hamwoni mtu, anaona mifupa, na mifupa ya watu wote ni ileile. Tena picha inafutika palepale, mtu akitoa mguu tu, imeshakufa. Bibi akikataa, akishika kikwembe chake kwa mikono miwili, chefu alicheka na kumwambia mficha uchi hazai. Hapo bibi akapita.

Lakini mifupa ya watu wote si ileile, acha wewe. Adèle alijifunza upesi. Alijua nani ana chuma mguuni, nani ana risasi iliyobaki bega la kushoto, nani amekatwa ziwa na anaweka kitambaa mahali pake. Akienda sokoni kununua sombe, yale majani ya muhogo, anaona mwanamke anatembea mbele yake kwa namna fulani ya kuburuta nyonga, na mara moja anamjua, anamwona mpaka ndani, wakati yule mwanamke anabishana bei ya makala ya kupikia bila habari. Mke wa mchungaji wao wa mtaa wa Ngezi alimshika mkono kanisani, akamuuliza habari za nyumbani, na Adèle alishindwa kumtazama. Alikuwa ameona kitu kama ngumi ndani ya yule mama, juu ya ini. Sheria ya kazi ilimkataza kusema. Basi akajibu nyumbani ni salama, akaangalia viatu vyake.

Haya. Sasa, Adèle alikuwa na jambo lake. Alikuwa ameolewa na Isidore miaka saba, na mara mbili mimba ilitoka mapema. Mara zote mbili alikuwa ameisema: ya kwanza alimwambia dada yake kwa simu, ya pili aliitangaza kanisani kwa furaha. Mama mkwe wake, Mama Bibiane, hakumlaumu, alimfundisha tu, kwa sauti ndogo, wakichambua maharagwe. Mimba ni mgeni aliye njiani, alisema. Ukimwita kwa jina kabla hajafika mlangoni, anageuka anarudi alikotoka. Iache, itajisema yenyewe siku tumbo likitangulia. Na mwanamke mwenye adabu akiiona ya mwenzake anatazama pembeni, hata kama ni rafiki, hata kama ni ndugu.

Kwa hiyo alipoipata hii ya tatu, hakuisema. Isidore alijua, Mama Bibiane alijua kwa kuangalia tu, basi. Kazini ndiyo kabisa. Walikuwa na mwenzao zamani, Estelle, alimwendea chefu akamweleza kwamba ni mjamzito na anaomba asisimame tena kwenye jaribio. Chefu alimpongeza, akamwambia akapumzike nyumbani, wataita. Mpaka leo hawajaita.

Ikabaki zamu ya kusimama. Adèle alikuwa na miezi miwili. Usiku aliota ile sauti ya mashini, ule mlio mwembamba kama wa mbu anayezunguka sikioni, akaamka jasho limemtoka. Fundi amesema haina neno. Sawa. Mbona basi fundi alikimbilia nyuma ya ukuta? Mtu aliyepoteza mara mbili hapimi hatari kwa hesabu ya fundi. Asubuhi ya zamu yake alifika akamwambia Lydie kwamba mgongo unamuuma, hawezi kusimama na mikono juu, na kama Lydie angekubali, afadhali yeye akae kwenye kioo. Lydie alimtazama kidogo tu, akasema hakuna shida. Akavua kofia, akachukua kipande cha shaba, akaenda kusimama.

Kesho yake ilikuwa zamu ya Lydie kwa haki. Kesho kutwa Adèle akasema mgongo bado. Baada ya juma moja hakukuwa na haja ya kusema tena. Lydie akifika anachukua shaba mwenyewe. Adèle alimletea maandazi, akamwita mdogo wangu, akamsaidia kufagia. Moyoni alijisikia mwizi. Lakini alijisemea kwamba Lydie ni kijana, ana nguvu, hana mzigo. Wiki tano zilipita hivyo, siku sita kwa juma.

Katika wiki ya tatu ndipo aliona shanga.

Mwanzoni alidhani ni uchafu wa kioo, akaufuta kwa kidole. Haukufutika. Chini ya mbavu za Lydie, ndani ya duara la nyonga, kulikuwa na mstari mwembamba wa vitone vyeupe, vimepangana kama shanga kwenye uzi. Vilififia, ni lazima ukodoe macho. Adèle alifikiri Lydie amevaa shanga kiunoni. Siku ya pili akachungulia vizuri: shanga za kiuno huzunguka nje, hizi zilikuwa ndani, na zilikuwa zimejikunja.  Akawaza kwamba mashini imeshika kivuli cha abiria aliyepita jana, haikumfuta sawasawa, na sasa kile kivuli kimeingia kwa Lydie. Alipiga picha ya abiria wa kwanza, mwalimu mmoja wa Djugu, akatafuta shanga ndani yake. Hazikuwepo. Zilikuwa kwa Lydie peke yake.

Halafu akawaza kama mtu wa Bunia. Mume wa Lydie, Gauthier, alikuwa mchimbaji Mongbwalu. Vitone vyeupe tumboni ni kitu gani? Kila mtoto wa mji huu anajua. Kumbe Lydie anameza, akajisemea, anamezea mumewe, na anapita mbele yangu kila asubuhi kwa sababu anajua mimi sitasema. Alikasirika. Kisha akapoa, na hapa ndipo aibu yake ilipo. Akisema, Lydie atakamatwa. Lydie akikamatwa, nani atasimama? Basi Adèle alinyamaza. Kila asubuhi aliziona zile shanga, kila asubuhi zilikuwa nzito kidogo kuliko jana, mara zimeinamia kushoto, mara kulia, na yeye alitafuta tu kile kipande cha shaba mfukoni, akisema kwenye redio ya mkononi kwamba mashini ni nzima.

Jumatatu ile ya mwisho fundi alikuwa amepita Jumapili kurekebisha mashini. Chefu alikuwa amewaambia kwa simu kwamba sasa picha itakuwa kali, hata sindano haitapita. Lydie akachukua shaba, akasimama, akainua mikono. Adèle akabonyeza.

Picha ikatoka safi, kali kweli. Na Adèle aliyekuwa ameinamia kioo akarudi nyuma mpaka kiti kikagonga ukuta.

Zile shanga zilikuwa mgongo. Kila ushanga ulikuwa na mbavu zake mbili, nyembamba kama miiba ya samaki mdogo. Juu yake palikuwa na kichwa, mviringo, kama tunda la marakuja, kimeinama. Kulikuwa na mkono umekunjwa karibu na mdomo. Mtu mzima wa kiganja kimoja alikuwa amekaa ndani ya mifupa ya Lydie, na Adèle alikuwa amempiga mionzi siku nenda siku rudi, akimdhania dhahabu.

Alitaka kuifuta ile picha. Hakujua kifutio kiko wapi, kwa sababu siku zote iliondoka yenyewe. Akabonyeza mshale wa kurudi nyuma, kubahatisha tu. Ikaja picha ya abiria wa mwisho wa Jumamosi. Akabonyeza tena, akaja mwingine. Akabonyeza, akabonyeza. Hawakuwa wamefutwa. Wote walikuwemo mle ndani: yule bwana Mbusa na punje zake saba, bibi aliyeshika kikwembe, mke wa mchungaji na ile ngumi yake, kila mtu ambaye chefu alimwapia kwamba picha imekufa. Walikuwa wamesimama kimya kwenye kile kioo cheusi, mamia ya watu wasio na nyuso, mikono juu, wakingoja mtu awaambie washushe. 

Na mwanzoni mwa kila siku alikuwepo Lydie. Adèle aliwapitia mmoja mmoja, akirudi nyuma. Sasa alipojua cha kutafuta aliweza kumwona mtoto hata katika zile picha hafifu. Huku ameelekea kulia. Huku amepinduka, miguu juu. Huku amejinyoosha, mtundu huyu. Alikaribia kutabasamu. Kisha akarudi mbele, kuelekea leo, na tabasamu likafa. Jumatano iliyopita ameelekea kushoto, kichwa kimeinama. Alhamisi, kushoto, kichwa kimeinama. Ijumaa. Jumamosi. Leo. Picha tano, na zote tano zilikuwa kama picha moja.

Nyuma yake mlango ukafunguka. Lydie alikuwa amechoka kungoja neno kwenye redio, amekuja kuuliza kama mashini imeharibika. Adèle aliruka kuziba kioo kwa mwili wake, lakini alikuwa amechelewa, na hata hivyo kioo kilikuwa kikubwa. Lydie aliona. Hakupiga kelele. Alisimama pale na koti la mumewe, akashusha macho kwenye kioo, akayapandisha kwa Adèle, akayashusha tena.

 Kumtajia mwenzake mimba yake ilikuwa kuifukuza kwa mdomo, hata sasa Adèle aliogopa hivyo. Kwa hiyo alitaja ile ambayo ilikuwa mali yake kutaja, na alipofungua kinywa alihisi kama anavua nguo sokoni.

"Lydie, mimi niko na mimba. Miezi mitatu."

"Najua, yaya," Lydie alisema. "Tangu ile siku ya kwanza. Ulisema mugongo inakuuma, lakini mukono ulikuwa umeshika tumbo."

"Na yako?"

"Yangu ilitangulia."

Adèle alikaa chini. Walikuwa wamekaa wiki tano katika chumba hiki, wanawake wawili wenye adabu, kila mmoja anatazama pembeni. Alimuuliza kwa nini basi alikuwa anakubali, asubuhi baada ya asubuhi, akijua.

"Ningesema nini?" Lydie alijibu.

Na kweli, angesema nini? Adèle alitafuta neno ambalo Lydie angeweza kulisema bila kuitaja mimba, akalikosa. Alikuwa amelitafuta kwa ajili yake mwenyewe akapata mgongo. Lydie alikuta uongo umeshachukuliwa. Wawili hawawezi kuumwa mgongo siku moja, na mashini lazima ipate mtu. Adèle alianza kulia, bila sauti, machozi yakimwingia mdomoni. Alisema nisamehe, mdogo wangu, nisamehe.  Lydie alikuwa ameegemea meza, uso karibu kabisa na kioo.

"Iko siku tano simusikii," alisema. "Mbele alikuwa anacheza sana, usiku ananiamusha. Sasa siku tano, kimya. Nilisema labda amelala." Akaweka kidole kwenye kile kichwa kidogo. "Weye ulimuona kila siku, yaya. Alikuwa anageuka?"

Adèle angeweza kusema uongo. Lakini picha zilikuwa pale, na Lydie angeweza kubonyeza mshale kama yeye. Lydie alizipitisha mwenyewe, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, leo. Alizirudia mara tatu. Redio ilikoroma juu ya meza, chefu Zacharie akiuliza kwa nini mlango haujafunguliwa, abiria wamejaa, rubani analalamika. 

Kisha Lydie alifanya jambo ambalo Adèle hakulitegemea. Alitoka, akarudi ndani ya mashini, akakanyaga zile nyayo mbili, akainua mikono.

"Piga ingine," alisema. "Nione kama amegeuka."

Adèle alimwomba ashuke. Alimwambia waende kwa munganga, daktari wa hospitali, sasa hivi, wapande pikipiki, munganga ana mashini ya kuona mtoto isiyotumia mionzi hii, atawaonyesha. Lydie alitikisa kichwa. Foleni ya munganga, alisema, ni mpaka magharibi, na yeye hawezi kukaa na hili mpaka magharibi. Kitufe kiko pale. Kilimpiga siku zote hizo bila yeye kutaka, leo anataka. Mikono yake ilikuwa juu kabisa, sawasawa kama walivyofundishwa, na mabega yake yalikuwa yanatikisika ndani ya lile koti.

Adèle alitazama kitufe. Haki ya Mungu, kidole kilikwenda, kikakigusa, maana naye alitaka kujua. Alitaka kujua kwa ajili ya Lydie, na alitaka kujua kwa ajili ya yule wake wa miezi mitatu, na haja hizo mbili hakuweza kuzitenganisha. Aliondoa kidole. Akatoka katika kile chumba, akavuka mstari mwekundu ambao hakuruhusiwa kuuvuka mashini ikiwa imewashwa, akaingia akasimama mbele ya Lydie, uso kwa uso, mahali ambapo kwa wiki tano alikuwa amekataa kusimama. Akafungua vifungo vya koti. Akaweka kiganja chake juu ya tumbo, lile tumbo gumu la mviringo ambalo macho yake ya kazi hayakuliona kamwe.

Wakangoja. Na kweli, kitu kikagonga. Kidogo, mara mbili, mara tatu, chini ya kiganja. 

"Amegonga," alisema. "Lydie, amegonga, nimemusikia!"

Lydie alikuwa bado ameinua mikono. Alisikiliza. Nje, ng'ambo ya ukuta, ndege ya mizigo ilikuwa imewasha mota, na sakafu yote ya saruji ilikuwa inatetemeka mpaka ndani ya magoti yao.

"Ile ni ndege, yaya," alisema polepole. "Ngojea iende."

Ndege ikaenda. Ikakimbia, ikaruka, sauti yake ikapungua upande wa Djugu mpaka ikapotea, na sakafu ikatulia kabisa. Lydie alishusha mkono mmoja, akaukandamiza juu ya mkono wa Adèle, akafumba macho. Wakangoja. Wakangoja sana.